Fisi Maji: Soma Alama Zake Kando ya Ziwa

Kama unaishi kando ya Ziwa Victoria, huenda umekwisha kumwona fisi maji. Labda ulikuwa mtumbwini asubuhi. Ukaona kichwa kidogo cheusi kinatokeza majini. Kikakutazama, kisha kikazama. Baada ya muda mfupi kikatokeza tena mbele kidogo. Watu wengine hudhani ni nyoka. Wengine hudhani ni kenge. Wavuvi wazee hawadanganyiki. Wao wanamjua, na wengi wao hawampendi.

Katika makala hii tutatembea pamoja ufukoni, huku upande wa Ghuba ya Speke, kati ya Bunda na kisiwa cha Ukerewe. Wanaovuka kutoka Kisorya kwenda Rugezi wanaifahamu nchi hii. Ufuko wake si wa namna moja. Mahali pengine pana mawe makubwa yaliyopandana. Mahali pengine pana mchanga. Mahali pengine pana matete na mafunjo, na nyuma yake mashamba ya mpunga. Fisi maji anapita kote huko, na kila anapopita anaacha alama. Mtu anayezijua alama hizo anaweza kusema mnyama huyu amelala wapi, amepita lini, na amekula nini.

JINA LISIKUDANGANYE

Fisi maji si fisi. Hana undugu na yule fisi anayelia usiku na kuvizia mbuzi. Yeye ni wa jamii moja na nyegere, yule mnyama mkali anayevunja mizinga ya nyuki. Fisi maji ana mwili mrefu, miguu mifupi, masikio madogo sana, na mkia mnene unaochongoka mwishoni. Manyoya yake ni mazito. Yakilowa hung'aa kama yamepakwa mafuta.

Katika Ziwa Victoria wako wa aina mbili. Wa kwanza ni fisi maji mwenye madoa shingoni. Urefu wake tangu pua hadi ncha ya mkia ni kama meta 1, na uzito wake kwa kawaida ni kilo 4 hadi 6. Ana madoa meupe kooni na shingoni. Vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi, kama miguu ya bata, na vina kucha. Huyu ndiye anayeonekana zaidi ziwani. Anapovua hutumia macho, kwa hiyo anapenda maji maangavu. Maji yakiwa ya tope hapati riziki.

Wa pili ni fisi maji asiye na kucha. Huyu ni mkubwa. Anaweza kufika kilo 18 na hata kuzidi. Mashavu yake na koo lake ni vyeupe. Vidole vyake vya mbele havina kucha, vinafanana na vidole vya mtu. Huvitumia kupapasa chini ya mawe na ndani ya tope, akitafuta kaa. Huyu hukaa zaidi kwenye vijito, mabwawa na mabonde yenye matete, lakini ziwani pia hufika.

Wote wawili huogelea kama samaki, lakini si samaki. Ni wanyama wanaonyonyesha. Wanahitaji nchi kavu ili wapumzike, wakauke, wazae na wajisaidie. Ndiyo maana tunawatafuta ufukoni.

SUMU ILIYOOMBWA

Labda unauliza, bwana shamba ana habari gani na fisi maji? Cheti changu ni cha kilimo, na kazi yangu ya kila siku ni pamba, muhogo na mpunga. Lakini siku moja wavuvi wa kijiji kimoja walinifuata baada ya mkutano wa pamba. Walibeba wavu wenye matundu matatu. Ndani yake kilining'inia kichwa cha sato, mwili haupo. Mmoja wao akasema:

"Bwana Shamba, wewe unatufundisha kutumia dawa ya kuua wadudu wa pamba. Huyu naye ni mdudu wa nyavu zetu. Tupatie na dawa yake."

Walitaka kutia dawa ya pamba ndani ya matumbo ya samaki, na kuwaacha samaki hao juu ya mawe usiku.

Sikuwapa. Na wewe msomaji, mtu akikushauri jambo hilo, kataa. Dawa ya pamba ni sumu, na sumu haichagui. Itamuua fisi maji. Itaua pia mbwa, kuku, na tai anayekula samaki. Mvua ikinyesha itaingia ziwani, na maji hayo ndiyo tunayochota kwa kunywa. Pale mkutanoni palikuwa na mama mmoja anayekausha dagaa. Alisema maneno machache tu: "Wanangu, samaki huyo akielea mpaka mwaloni, atakayemwokota ni mtoto wangu." Vijana wakanyamaza.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kutumia sumu katika uvuvi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua mnyama wa porini bila kibali. Kwa hiyo anayetega sumu ziwani anaweza kujikuta na mashtaka mawili.

Lakini kukataa peke yake hakuzibi tundu la wavu. Wavu ni mali. Mwenye wavu mara nyingi ameukopea fedha, na ana watoto wa kulisha. Basi tulikubaliana jambo moja. Kabla ya kumhukumu mnyama, twende ufukoni tukaone anakula nini. Kesho yake asubuhi tulikwenda watu saba. Mbele alikuwa mzee mmoja mvuvi wa siku nyingi, ambaye tulimwita Mzee tu. Mambo ninayokuambia hapa chini mengine nimeyasoma, na mengine tulionyeshwa na Mzee.

ANZA NA CHOO CHAKE

Fisi maji ana desturi ya kujisaidia mahali palepale siku kwa siku. Choo chake huwa juu ya jiwe bapa, au kwenye ncha ya nchi iliyoingia majini, au chini ya mti ulioinamia ziwa. Fisi maji mwenye madoa haendi mbali na maji. Mara nyingi choo chake hakizidi hatua kumi kutoka ukingoni. Usipoteze muda wako kupanda kilima. Fuata mstari wa maji, na tazama kila jiwe lililotokeza kuliko mengine.

Kinyesi kibichi ni cheusi, au cheusi chenye ukijani, na kinateleza kama kamasi. Harufu yake ni ya samaki. Kikikauka huwa cha kijivu. Ukikigusa kwa kijiti kinamong'onyoka, na ndani yake unaona magamba na mifupa midogo. Cha fisi maji mwenye madoa kina unene wa kidole. Cha yule mkubwa asiye na kucha kina unene wa kidole gumba au zaidi, na mara nyingi kimejaa vipande vya magamba ya kaa.

Mahali panapotumika sana utakuta vinyesi vingi, vipya na vya zamani, pamoja. Hapo si uchafu tu. Fisi maji wengine wakipita hunusa, wakajua nani amepita na lini. Mzee alisema ni kama kupiga hodi.

Sasa uwe mwangalifu, maana wako wengine wanaojisaidia kando ya ziwa. Mnandi, yule ndege mweusi anayekausha mabawa juu ya mawe, hupaka jiwe zima rangi nyeupe kama chokaa. Pia hutapika kidonge cha mifupa ya samaki kilichofungwa kwa kamasi. Kijana mmoja kati yetu alikiokota kidonge hicho akapaza sauti kwamba amempata mwizi. Mzee alimwonyesha weupe wa jiwe, akacheka. Kinyesi cha kenge nacho kina donge jeupe mwishoni, kama kinyesi cha kuku. Cha fisi maji hakina donge hilo.

Anayetatanisha zaidi ni nguchiro wa majini. Huyu ni nguchiro mkubwa mweusi anayetembea kando ya maji usiku. Yeye pia hula kaa, na yeye pia ana choo chake mahali pamoja. Lakini ndani ya kinyesi chake mara nyingi utaona manyoya ya panya, na vipande vya maganda ya mayai. Samaki ni wachache. Ukiona manyoya mengi na mifupa michache ya samaki, huyo si fisi maji.

JINSI YA KUKICHUNGUZA

Usikishike kinyesi kwa mikono mitupu. Kinyesi cha mnyama kinaweza kuwa na minyoo na vijidudu vya magonjwa. Tumia vijiti viwili, au geuza mfuko wa plastiki uvae kama soksi mkononi. Kitie ndani ya kopo, ongeza maji na sabuni kidogo, ukiache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo juu ya kitambaa kilichochakaa, mbali na ziwa na mbali na kisima. Yatakayobaki juu ya kitambaa yaanike juani. Nawa mikono kwa sabuni.

Utaona nini? Samaki wenye magamba, kama sato na furu, huacha magamba na mifupa ya uti wa mgongo iliyo kama shanga ndogo. Kambare hana gamba, lakini ana mwiba mgumu wa pezi, na mwiba huo hausagiki. Gogogo vilevile. Kaa huacha vipande vigumu vya gamba na ncha za magando. Chura huacha mifupa myembamba yenye uwazi ndani. Wadudu wa majini huacha mabawa magumu yanayong'aa. Mara mojamoja utakuta unyoya wa ndege.

Ukubwa wa shanga za mgongo unaweza kukuambia ukubwa wa samaki. Njia nzuri ni kumla samaki nyumbani, kisha kuweka mifupa yake pembeni. Mla sato mmoja wa urefu wa kiganja na sato mmoja mkubwa. Kausha mifupa ya kila mmoja peke yake. Ukikuta mfupa kwenye kinyesi, ulinganishe. Hivyo ndivyo tulivyofanya, na wake wa wavuvi walituazima mifupa ya chakula cha jioni.

Jambo moja usilisahau. Kinyesi hakisemi yote. Fisi maji akikuta sato mkubwa ndani ya wavu, anaweza kula nyama laini tu na kuacha kichwa na mifupa. Nyama haiachi alama. Kwa hiyo usiseme "sikuona mfupa mkubwa, basi hakuiba." Tazama na alama nyingine.

NYAYO NA NJIA

Toka kwenye mawe, nenda kwenye mchanga wenye unyevu. Hapo ndipo pa kutafuta nyayo. Nyayo za mbwa zina vidole vinne. Za fisi maji zina vidole vitano, vimetanuka kama kiganja. Fisi maji mwenye madoa huonyesha alama za kucha, na tope likiwa laini utaona alama ya ile ngozi kati ya vidole. Nyayo za yule mkubwa asiye na kucha ni kama kiganja cha mtoto mdogo. Watu wasiojua huziogopa.

Nyayo za kenge ni rahisi kuzitambua. Kati ya nyayo za kushoto na za kulia kuna mstari mrefu wa mkia, umepinda kama nyoka, na kucha zake zimekwaruza mchanga. Nyayo za nguchiro wa majini zina vidole virefu vilivyoachana, wala hakuna ngozi kati yake.

Ukiona nyasi zimelazwa karibu na choo, au mchanga umesuguliwa, hapo fisi maji amejibiringisha kukausha manyoya. Hana mafuta mengi chini ya ngozi. Joto lake linatunzwa na manyoya, na manyoya yakichafuka ni taabu. Ndiyo sababu hujisugua mara kwa mara. Ndiyo sababu pia anakula mara kwa mara, maana maji yanamnyang'anya joto.

Mahali pake pa kulala huwa ni pango dogo kati ya mawe, au shimo chini ya mizizi, au ndani ya matete mazito. Usiingize mkono humo. Humo anaweza kuwamo fisi maji jike na watoto, naye anauma vibaya. Anaweza pia kuwamo chatu. Katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania watoto wa fisi maji mwenye madoa wamepatikana wakizaliwa karibu na mwezi wa Septemba, wawili au watatu. Huzaliwa macho yamefumba. Mama akifa wavuni, na watoto hufa shimoni bila mtu kujua.

Wakati wa kumwona mwenyewe ni asubuhi na jioni. Kaa kimya juu ya jiwe, upepo ukikupiga usoni. Utasikia kwanza mluzi mwembamba, maana huitana kwa miluzi. Kisha utaona vichwa. Wanaweza kuwa wawili au watatu, na katika ziwa hili yameonekana makundi ya zaidi ya kumi. Wakizama hawakai sana, kwa kawaida hata nusu dakika haifiki. Samaki mdogo wanamla palepale majini, kichwa kikiwa juu. Samaki mkubwa wanampandisha nchi kavu. Mabaki yake utayakuta juu ya mawe: mkia, kichwa, na mgongo uliotafunwa.

Nikukumbushe mambo mawili ya usalama. Kwanza, usitembee majini kwenye vidimbwi vilivyotulia vyenye magugu. Huko ndiko waliko konokono wa kichocho. Pita juu ya mawe au mchanga mkavu. Pili, kabla ya kusogelea matete hakikisha hakuna mamba wala kiboko. Fisi maji hana thamani ya mguu wako.

TULICHOKIKUTA

Siku ile tulitembea tangu mwaloni mpaka kwenye bonde la mpunga, na tulirudi tena mara kadhaa katika wiki zilizofuata. Vyoo vya fisi maji tulivikuta, karibu vyote kwenye mawe. Ndani ya vinyesi tulikuta zaidi magamba na mifupa ya samaki wadogo, wengi wao hawazidi kiganja. Tulikuta kaa. Karibu na bonde tulikuta vipande vya kaa peke yake, na nyayo kubwa kama za mtoto. Yule mkubwa asiye na kucha alikuwa akipita kwenye majaruba ya mpunga. Kaa hutoboa kingo za majaruba, maji yakatoroka. Mimi kama bwana shamba nilifurahi kumjua huyo mgeni wa usiku.

Kwenye vichanja vya dagaa, ambako akina mama walikuwa wakilalamika kwamba fisi maji anaiba, tulikuta mstari wa mkia kwenye mchanga. Mwizi wa dagaa alikuwa kenge. Akina mama waliinua vichanja, wakafunga bati kwenye miguu ya vichanja ili asipande.

Na nyavu? Hapa lazima tuseme ukweli. Fisi maji huiba. Nyavu zilizotegwa karibu kabisa na mawe yenye vyoo zilikuwa na matundu madogo palepale samaki aliponasa, na samaki ameliwa nusu. Wavu mwingine, uliotegwa mbali zaidi, ulichanwa vipande vipande na sehemu yake haikuonekana tena. Fisi maji wa kilo 5 hana nguvu hiyo. Mzee aliutazama akasema, "Huyu ni mamba." Hakuna aliyebisha. Wavu wa tatu ulikuwa umebebwa na gugu maji wakati wa upepo. Kumbe nyavu zote tatu zilikuwa zimeandikwa kwa jina la mnyama mmoja.

SAMAKI WADOGO WAMEKWENDA WAPI?

Mzee alituuliza swali hili tukiwa tumekaa juu ya mawe. Alisema zamani watu hawakumlalamikia fisi maji namna hii, kwa sababu alikuwa na furu wake tele.

Maneno yake yana msingi. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara aliletwa na kupandikizwa ziwani humu. Kwa muda hakuonekana sana. Katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi ya ajabu, akawala furu. Aina nyingi sana za furu zikatoweka. Baadhi zimerudi kidogo baadaye, lakini si kama zamani. Mwaka 1990 watafiti wawili, Hans Kruuk na P. C. Goudswaard, waliandika juu ya mabadiliko hayo ya samaki na maana yake kwa chakula cha fisi maji wa ziwa hili.

Fikiria wewe mwenyewe. Fisi maji hawezi kumkamata sangara wa kilo 20. Anahitaji samaki mdogo, karibu na ukingo. Sasa tazama nani mwingine anamchukua samaki mdogo karibu na ukingo. Kokoro linakokota kila kitu, mayai na vifaranga. Nyavu za macho madogo sana zinanasa sato ambaye hajazaa hata mara moja. Wenye kokoro walikuwamo kati yetu siku ile. Sikuwataja. Lakini kijana yule wa kidonge cha mnandi aliokota gamba dogo kutoka kwenye kinyesi, akaliweka juu ya ukucha wake, akasema, "Huyu hata sisi tunamvua." Maoni yangu ni kwamba sentensi ile ilifanya kazi kuliko mikutano yangu yote.

Kama unataka kuona ufuko usio na nyavu, kisiwa cha Rubondo, upande wa Geita, ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Uvuvi wa nyavu hauruhusiwi huko. Samaki wanazaliana kwa amani kando ya mawe na mafunjo, na fisi maji mwenye madoa anaonekana mchana. Anakula samaki kila siku, na samaki hawajaisha.

UFANYE NINI NA WAVU WAKO

Usitege karibu na mawe yenye choo kibichi. Ndiyo faida ya kwanza ya kukijua choo. Sogeza wavu mbali na ukingo, kwenye maji ya kina. Fisi maji huvua zaidi karibu na ukingo. Matete na mafunjo uyaache kabisa, kwa sababu hapo ndipo vifaranga vya samaki vinapojificha.

Vuta wavu mapema, kabla jua halijapanda. Wavu ulioachwa mpaka saa tatu ni meza iliyoandaliwa, na fisi maji anaamka asubuhi kama wewe. Wavuvi wetu wawili waliobadilisha saa ya kuvuta walisema hasara imepungua. Haikuisha. Mmoja bado analalamika, na ana haki yake.

Wavu mbovu usiutupe ziwani. Wavu uliotupwa unaendelea kuvua bila mwenyewe. Unanasa samaki wanaooza bure, na unamnasa fisi maji. Yeye anavuta hewa kama sisi. Akinaswa chini ya maji hufa upesi.

Ukimkuta amenaswa na bado yu hai, usimshike kwa mkono. Mtupie gunia zito kichwani. Mwenzako akandamize gunia kwa kasia, bila kumponda. Wewe kata nyuzi kwa kisu, kisha rudini nyuma nyote wawili. Atakimbilia majini mwenyewe. Tundu utakalokata utalishona jioni.

Ngozi yake usiiuze, wala usinunue. Wako wanaoitafuta kwa ajili ya dawa za kienyeji, na watakuja na fedha mkononi. Mweleze kiongozi wa BMU, au afisa wanyamapori wa wilaya.

Mwisho, weka daftari. Wavuvi wa mwalo ule walinunua moja, wakalitundika kwa kamba bandani kwenye mizani. Anayejua kuandika humwandikia asiyejua. Huandika tarehe, mahali, alama iliyoonekana, kilichokuwamo ndani ya kinyesi, na hali ya nyavu. Afisa uvuvi akija hukuta maneno yaliyoandikwa, si kelele. Nilipopita mara ya mwisho nilisoma ukurasa mmoja. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyejifunza karibuni, herufi kubwakubwa:

"Tarehe 4. Jiwe la mnandi. Choo kipya. Magamba madogo na kaa. Wavu wa kina, mzima. Wavu wa karibu na jiwe, tundu 1."

Chini yake mtu mwingine aliandika: "Huo wa karibu uhamishwe."